Gitaa la Kitambaa Cheusi

Salmini alikuwa fundi wa miguu ya bandia, na hata gitaa la Bi Raya alilitengeneza vivyo hivyo. Alichukua umbo la gitaa bovu kwa plasta, akatandika humo kitambaa cha nyuzi za kaboni, akakigandisha kwa gundi.

Bi Raya alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa jeusi, jepesi kama kapu tupu. Akalinusa. Halikunukia chochote. Lile bovu la marehemu mumewe, Hemedi, hata lilipokuwa limeoza kwa unyevu, lilikuwa bado linanukia tumbaku yake.

"Hili halipasuki, mama, wala haliingii ukungu," Salmini alisema.

Bi Raya akalipiga kidogo. Sauti ilitoka safi, ikajaa karakana nzima.

"Zuri, mwanangu. Ila si la Hemedi."

Alipolipakata vizuri ili alipige tena, mkono wake ukaangukia kwenye kibonde kidogo ukingoni mwa gitaa. Akakipapasa.

"Hapo nisamehe, mama," fundi alisema. "Ubao wa zamani ulikuwa umelika. Fundi wa magitaa angepasawazisha. Mimi nimezoea miguu. Ukisawazisha vibonde vya mguu, unamuumiza mwenyewe."

Hemedi alikuwa akiegemeza mkono wake hapo kila alipopiga, tangu ujana wao.

Bi Raya akaulaza wake humo. Ulikuwa mwembamba kuliko wa Hemedi, ukabakisha nafasi pembeni. Hakuusogeza.