Mgeni Rasmi wa Vifaranga

Zamani hizo vifaranga walipoanza kupakwa wanja, Tausi alitangaza mashindano ya kifaranga mrembo. Kwale akakataa katakata kumwandikisha mwanawe.

"Wivu tu huo," Mama Kuku akamwambia, huku akimtia mwanawe hina kwenye kucha. "Wangu ameshajua kusimama wima na kutulia akitazamwa."

"Mwenzangu, kifaranga akitazamwa anakimbia," Kwale akasema. "Na huyo mgeni rasmi mmemtoa wapi?"

Mgeni rasmi alikuwa Mwewe, ameketi kiti cha mbele.

"Nani mwingine ana jicho la kuchagua?" Tausi akajibu.

Kwale akashusha pumzi, akaenda kuchakura pembeni na mwanawe.

Mwewe alipomtaja mshindi na kumvika taji, Kwale akapiga mlio wa hatari. Mwanawe akazama majanini. Mtoto wa Kuku akasimama wima, akatulia, akabebwa na Mwewe, taji lake kichwani.

Jioni kamati ikakutana. Kwale naye akaenda, akidhani sasa wameelewa.

"Kosa tumeliona," Tausi akasema. "Mgeni hakuwa mstaarabu. Mwakani tutamwalika binamu yake, Kipanga."

Mama Kuku akafuta machozi.

"Na huyu mdogo wake marehemu," akauliza, "mtampokea?"