Bangili ya Mama

Siku hizi kila mzee huvalishwa bangili ya kupima njaa, na akishinda bila kula, taa ya mlangoni kwao huwaka nyekundu, mtaa mzima ukaona. Unga ulipowaishia, Mwasiti aliogopa aibu hiyo. Akamvua mama yake bangili, akaivaa mwenyewe, maana yeye alikuwa akipewa chakula kazini. Taa ikabaki ya kijani. Majirani wakamsifu kwa kumtunza mama.

Jumatatu mama akaanguka jikoni. Nesi alipofika aliitazama taa, kisha akauliza, “Bibi, umekula leo?”

“Nimeshiba, mjukuu wangu,” mama akajibu, huku akiushusha mkono wa gauni la Mwasiti uifunike bangili.

Nesi akaacha dawa ya kizunguzungu, akaaga. Mwasiti akashindwa kumtazama mama yake usoni.