Mzambarau Usiopakwa Chokaa

Athmani aliingia uani na ndoo ya chokaa na brashi. Kesho yake ilikuwa hitima ya mwaka ya kaka yake, na katika mji ule mti wa uani hupakwa chokaa kabla wageni hawajafika.

"Shemeji, lete gunia niusugue kwanza. Mzambarau wenu umeota ukurutu kama mimi nilipokuwa chuoni."

Sikudhani, mjane wa kaka yake, alisogea kutazama. Upande wa upepo, gome lilikuwa limeshikwa na ukoga wa kijivu, uliokunjamana pembeni kama sikio la mtoto mchanga. Aliugusa, kisha akasimama kati ya shemeji yake na mti.

"Huu usiuguse."

"Watu watasema umemsahau mumeo."

"Waache waseme. Ukoga huu tulikuwa tukiuona kwenye miti ya mtoni tu, kule Makame alikokwenda kifua kikimbana. Huku kwenye moshi wa tanuri magome yalikuwa matupu. Alikuwa akiniambia, 'Siku ukoga huu ukiota uani kwetu, nitalala usiku kucha bila kukohoa.'"

Athmani aligeuka kulitazama bomba la tanuri la chokaa, juu ya mapaa. Tanuri lilizimwa Makame akiwa tayari kaburini.

"Ukoga huu umemchelewea kaka," alisema, akaitua ndoo.

Wageni walipoingia asubuhi, walimkuta Athmani ameuegemea mzambarau usiopakwa kitu, akivuta pumzi taratibu. Brashi ilikuwa imegandia ndani ya ndoo.