Taka za Mwasmini

Mwanahawa alimaliza eda jana, na leo Kombo, mdogo wa marehemu mumewe, amekuja kuchukua funguo.

"Shemeji, chochote cha kaka kinabaki humu ndani."

Mwanahawa hakubishana. Aliomba jambo moja tu: aupogoe mwasmini alioupanda mwenyewe mwaka wa harusi, asiuache kichaka.

"Pogoa, lakini taka uondoke nazo."

Basi akashika kisu. Hakukata ovyo kama mtu mwenye hasira. Alichagua matawi yaliyokomaa, akayakata mshazari chini kidogo ya kifundo, akayapukuta majani na kubakiza mawili ya juu. Ncha zote za chini akazielekeza upande mmoja, maana kipando kikichomekwa kichwa chini hakioti. Vipande kumi na saba akavifunga ndani ya kanga aliyoilowesha bombani.

Kombo alilitazama furushi likichuruzika maji hadi kizingitini.

"Taka gani hizo zinabebwa kama mtoto?"

"Taka zangu, shemeji. Si umesema niondoke nazo?"

Akatoka bila kugeuka. Matone yakamfuata barabarani, na Kombo akabaki mlangoni akiyatazama yalivyoipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu.