Kanga na Taa za Wanawe

Paliondokea Kanga, ndege mpole asiyependa kugombana na watoto. Wanawe walipotoka chumbani na kuacha taa na feni zikiwaka, yeye alipita nyuma yao akizima.

"Shoga, waite wazime wenyewe," Bata, jirani yake, alimwambia.

"Mpaka waitike, mimi nimeshamaliza."

Siku moja Kanga akafiwa na shangazi. Aliyaacha mayai yake sita chini ya balbu ya joto, akawakataza wanawe kuigusa, akaenda matangani siku mbili.

Aliporudi alikuta kila swichi imewashwa na pasi iko kwenye soketi, lakini hakuna kilichowaka. Umeme wa mita ulikuwa umekwisha tangu jana. Aliyagusa mayai. Yalikuwa baridi.

"Nani kaacha vyote hivi vikiwaka?"

Wanawe walitazamana. "Mama," mkubwa wao alisema, "si huwa vinajizima vyenyewe tukishatoka?"

Kanga akaichomoa pasi. Akawaita mmoja mmoja, akawaonyesha namna ya kuzima. Kisha akaenda kuyalalia mayai yale, ingawa alijua hayatatoa kifaranga.