Pedali Ngumu

"Washa!" alisema Mzee Verlin, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Marlys aliwasha. Mguu wake ulikuwa juu ya breki, unasubiri. Injini ikishawaka, pedali yenye busta, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, huzama kidogo chini ya mguu, kama godoro. Hii haikuzama. Ilikuwa ngumu kama jiwe, kwa mara ya tatu tangu asubuhi.

"Imeshuka?"

"Haijashuka, Baba."

"Zima basi."

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, siku waliyowekeana.

Verlin alikuwa ametengeneza breki za watu wa mji wa Saginaw miaka arobaini. Sasa ana sabini na tisa, nyonga ya kulia ni ya chuma, na Impala yake ya mwaka 1965 ilitengenezwa zama ambazo mtu alisimamisha gari kwa nguvu za paja lake. Mwezi wa sita aligonga sanduku la barua la Stosh, jirani wa ng'ambo ya barabara, akalilaza chini. Alisema mguu ulichelewa. Marlys akamwomba funguo.

"Unataka nikae dirishani kama paka?" baba yake alimuuliza. Duka la karibu lilikuwa maili sita. Mkewe alikuwa kaburini. Bila gari, yule mzee angebaki na kuta tu.

Wakabishana wiki nyingi. Mwisho Verlin mwenyewe akatoa shauri: atafunga breki za busta, hapo hapo nyumbani, mguu wake dhaifu usaidiwe. Siku ikifika, akiweza kusimamisha gari kabla ya mstari wa chaki, funguo ni zake. Akishindwa, anazitoa na hazungumzi tena.

Kwa hiyo mwezi mzima Marlys alikuja kila alipotoka kazini. Baba anaelekeza, yeye anafungua nati. Walitoa hewa kwenye breki gurudumu kwa gurudumu, mmoja akikanyaga, mwingine akilala chini ya gari, wakiitana kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Marlys alimwomba baba yake spana ya nusu inchi, akapewa kubwa zaidi.

"Siku hizi namba wanaziandika ndogo makusudi," Verlin alilalamika. "Wanatukomoa wazee."

Kazi moja tu alikataa isiguswe na mtu mwingine: ile paipu ya mpira ambayo injini huvutia pumzi kutoka kwenye busta, la sivyo busta haisaidii kitu. Hiyo aliifunga mwenyewe, polepole, kwa ncha za vidole.

Ng'ambo ya barabara Stosh alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, bia mkononi.

"Verlin! Nunua nanga, uifunge nyuma!"

"Nyamaza wewe! Lile sanduku lako lilikuwa limeshaoza, mimi nimelizika tu!"

"Basi nilipie jeneza!"

Marlys hakucheka. Mwanzoni alitaka baba ashindwe, yaishe. Lakini mwezi mzima wa kuchafuka naye kwa grisi ulikuwa umemgeuza moyo. Alitaka ashinde. Alipima upya ule ufito unaosukuma busta, akaangalia kila kiungo kama kinavuja. Vyote vizima.

"Baba, hebu tuifungue hiyo paipu."

"Paipu nzima. Nimeifunga mimi."

"Basi tuahirishe. Jumamosi ijayo nakuja na fundi."

"Fundi ni nani kama si mimi? Ahadi ni ahadi, mama. Chora mstari."

Akachora. Verlin akaingia garini. Kabla ya kuondoka alitoa kichwa dirishani.

"Stosh, simama katikati ya barabara, zuia kila anayepita. Marlys, wewe panda barazani."

"Barazani ya nini? Mstari nitauonaje?"

"Panda, nimesema."

Akapanda. Impala ikashuka taratibu kwenye njia ya kuingilia nyumbani, mwendo wa mtu anayetembea. Verlin akakanyaga. Marlys aliona mabega yake yakipanda, akajua anakanyaga kwa miguu yote miwili. Magurudumu ya mbele yakapita chaki. Ya nyuma yakapita. Gari likaenda kujiegemeza kwenye ua wa michongoma, likazimika.

Mzee akashuka, akaja akishikilia ubavu wa gari, akaweka funguo kwenye kiganja cha binti yake.

"Gari limenishinda," alisema kwa sauti kubwa. "Umeona, Stosh? Si mimi. Ni gari."

"Nimeona, ndugu yangu," Stosh alijibu. Alivua kofia, utani wote umemwishia.

Verlin akaingia ndani, akafunga mlango.

Marlys alibaki na funguo zinazomuuma mkononi. Aliona amemzika baba yake akiwa hai, na kwa ajili ya kifaa kibovu. Angalau kirudishwe kilikonunuliwa. Alifungua boneti, akalegeza kibanio, akaichomoa ile paipu.

Ilikuwa imezibwa. Ndani yake mlisokomezwa karatasi iliyokunjwa ikabana, ikazungushiwa utepe wa umeme ili pumzi isipite hata kidogo. Aliivuta kwa koleo, akaikunjua juu ya madigadi ya gari.

Ilitoka kwa daktari wa macho. Tarehe yake ilikuwa wiki moja kabla ya Verlin kuagiza busta. Asiendeshe gari tena kamwe, iliandikwa, na chini, kwenye nafasi ya mgonjwa kukiri kwamba ameelezwa na ameelewa, baba yake alikuwa ametia sahihi, herufi zimeukosa mstari.