Meneja Hataki Kula

Siku ya tisa Meneja alikataa kula, na bei yake ikashuka tena.

Orina aliambiwa habari hiyo na Peterson mwenyewe, mlangoni pa duka lake pale Kimulot. Peterson aliuza mbolea, misumari na simu, na hakuwa mtu wa kushusha bei ya kitu chochote. Sasa alisema elfu hamsini na tano. Juma lililopita alikuwa amesema sabini.

Meneja alikuwa farasi. Orina alimtunza miaka kumi na minne kwenye shamba kubwa la chai, na alipostaafu akapewa huyo farasi badala ya saa ya ukutani ambayo wenzake walipewa. Jina lilitoka kwa wachuma chai, kwa sababu alipita katikati ya mistari akiwakagua watu na yeye mwenyewe hafanyi kazi yoyote. Karo ya chuo cha uuguzi ya binti yao Lenah ilipofika, Orina alimuuza kwa elfu arobaini. Peterson alitaka farasi wa kukodisha kwa maharusi. Siku hiyo Orina alirudi nyumbani na hatamu tupu, akaitundika kwenye msumari, na tangu hapo hakuketi tena upande ule wa nyumba.

Zizi la Peterson lilikuwa la mbao, nyuma ya duka, kando ya njia ya wachuma chai. Humo Meneja aliwekewa majani makavu ya bei ghali, mahindi na pumba. Alivinusa na kugeuza uso. Daktari wa mifugo akaitwa. Alimpima farasi mbele na nyuma, akasema kwamba kwa mgonjwa ana tumbo zuri sana, akaandika kuwa ni huzuni na akalipwa elfu mbili.

Orina alipoambiwa ni huzuni, ilimbidi atazame barabara kwa muda. Alimpenda mnyama yule kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

Jioni alimweleza mkewe, akitaka wamnunue tena. Phelis ndiye aliyetunza pesa za nyumba, nazo zilikuwa elfu thelathini na tano za mabati ya jikoni. Paa lilivuja kiasi kwamba siku za mvua chakula kilipikwa chini ya mwavuli.

"Amesema ngapi leo?" Phelis aliuliza.

"Hamsini na tano."

"Ngoja," alisema, akapakua ugali.

Ikawa ndiyo desturi. Orina alileta habari za mnyama anayekufa kwa upweke, na mkewe akauliza bei. Hamsini. Arobaini na mbili. Ngoja. Orina alianza kuamini kwamba ameishi miaka thelathini na moja na mwanamke mwenye moyo wa jiwe, na kwamba hakuwahi kugundua kwa sababu ya mapishi.

Hata nyumbani mambo hayakuwa sawa. Fuko walivamia karoti, mstari mzima kwa juma. Orina alitega mitego sita asinase hata mmoja. Majani ya napia ya kulishia mifugo nayo yalipungua, na Phelis akasema ni ng'ombe wa jirani. Phelis mwenyewe hakuwa na muda wa kuchunguza zaidi. Chai ilikuwa imechipuka, alisema, kwa hiyo aliondoka alfajiri na kapu mgongoni kabla wenzake hawajaamka. Kilo kwenye risiti za chai zilibaki zilezile.

Alhamisi Peterson akamwita Orina.

"Mzee, hii farasi yako haikuli. Itanifia hapa, watu waseme ni mimi niliiua. Lete thelathini. Ukikataa, kuna mtu wa Londiani anaichukua Jumamosi ikavute mkokoteni wa viazi."

Orina alifika nyumbani akihema.

"Huyo mtu wa Londiani nani amemwona?" Phelis aliuliza.

Orina akasema mtu aonekane asionekane, farasi atakufa.

"Hafi," alisema Phelis. "Ngoja Jumatatu."

Ijumaa, Phelis akiwa shambani, Orina alifungua sanduku la nguo, akahesabu elfu thelathini na kuacha tano. Aliliomba sanduku msamaha kwa sauti. Kisha akatungua hatamu na kwenda Kimulot. Peterson alihesabu noti mara mbili, akamsindikiza hadi barabarani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeng'olewa jino bovu.

Nyumbani Orina alimwandalia Meneja ndoo ya mahindi yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo, kama alivyoyapenda zamani. Meneja alinusa. Akageuza uso.

Basi amechelewa. Mabati yamekwenda, farasi naye anakwenda. Orina aliketi kwenye jiwe la kunolea panga, akalia bila kujificha, akijifuta kwa kofia.

Phelis aliingia langoni saa kumi na moja, akitoka kituoni kupima chai. Kapu lake lingepaswa kuwa tupu, lakini lilimvuta mabega. Hakuuliza farasi amefikaje uani.

Meneja alisimamisha masikio. Akaipita ndoo, akampita Orina, akazunguka nyuma ya Phelis na kutumbukiza kichwa ndani ya kapu mpaka machoni, kama mtu anayefungua kabati lake mwenyewe. Karoti zikaanza kusikika zikivunjika.

Phelis hakushtuka. Alitanua miguu kidogo ili asiyumbe, kama mtu aliyezoea.

"Umelipa ngapi?"

"Thelathini," alisema Orina.

Phelis alishusha pumzi.

"Nilikuambia ungoje Jumatatu, Baba Lenah. Nilikuwa namteremsha hadi kumi na tano."